Nyumba ya Simiti

Mraru,
Jumapili, 9 Februari 2025

Mkamburi mwanangu,

Bwana asifiwe. Mimi mama yako ni mzima ila moyo. Josphat wa lori la maji amesimama hapa kwa kibanda changu kununua ndizi, akaniambia juu juu tu, "Mama, binti yako kule ranchi ana homa. Jana alitetemeka mpaka kikombe kikamwanguka." Halafu akaanza kumenya ndizi. Mtu anakuambia neno kama hilo halafu anamenya ndizi! Nimemwambia hatoki hapa mpaka niandike. Amezima injini, ananitazama kama mtu aliyebanwa na haja, kwa hivyo mwandiko ukiwa mbaya ujue ni haraka, si kuishia darasa la tano peke yake.

Sasa niambie. Homa ilianza lini? Mgongo unauma? Mtoto anacheza? Ni miezi mitano, anafaa kucheza. Yule wa kwanza mwaka jana tulimpoteza bila mtu kutuambia ni nini, na mimi sina nguvu ya kuzika tena kitu kilichofungwa kwa leso.

Nimekufungia panadol. Meza mbili, unywe maji mengi. Na usitoke nyumbani na homa! Unajua ya mama yako mkubwa Mable. Walimtoa kule bondeni akiwa anachemka, wakamweka nyuma ya pikapu juani, kichwa chake mimi ndiye nilikishika. Alikauka mikononi mwangu kabla hatujaiona lami. Tangu siku hiyo sheria yangu ni moja: homa ishuke kwanza, mtu apoe kabisa, ndiyo apande gari. Ukipoa, njoo na Josphat, tutaenda hospitali Voi mimi na wewe.

Namshukuru Mungu angalau unalala pazuri. Wanawake wa kanisa wakiniuliza kuhusu huyo Ndeti wako, nawaambia ni kweli hajaleta wazee kuposa, lakini ranchi wamempa nyumba ya simiti na kitanda cha chuma. Hapo wananyamaza. Joto likizidi mwagia hiyo simiti maji, ulale chini kidogo upate baridi.

Simu yako haishiki, hata nimeacha kujaribu. Nijibu kwa karatasi.

Mama yako,
Dinah


Ranchini,
Jumatano, 12 Februari 2025

Mama mpendwa,

Nimepoa. Homa ilinishika siku tatu, mifupa ikauma kama nimepigwa, halafu jana ikatoka yenyewe kwa jasho mpaka shuka likalowa. Leo nimepika. Usimchukie Josphat kwa ndizi, alinibebea na barafu kutoka Voi, ingawa ilifika maji.

Simu inashika juu ya kilima tu, na kwa kile kilima sasa kuna ndovu na mtoto wake. Ndeti amenikataza. Anasema mimi nikimbizwe na homa peke yake, inatosha.

Alinipikia ugali wakati nilikuwa mgonjwa, mama. Ungeuona! Ungeweza kuufungia mlango usipigwe na upepo. Lakini alikaa karibu nami, akanipepea na kifuniko cha sufuria mpaka mkono ukamfa ganzi.

Mtoto anacheza jioni. Nyumba iko sawa, simiti inapoa vizuri.

Nitashuka Ijumaa na lori. Nimepoa kabisa, sheria yako nimeifuata.

Wako,
Mkamburi


Mraru,
Jumatatu, 17 Februari 2025

Mkamburi,

Ulipopanda lori jana nilibaki nimesimama barabarani mpaka vumbi likaisha. Wateja wananiita, mimi siwasikii.

Sijui kwa nini sina raha, na majibu ni mazuri. Damu safi. Malaria hakuna. Typhoid kidogo, lakini Voi nzima ina typhoid kidogo, ukienda na jino utaambiwa typhoid kidogo. Yule daktari mdogo, Lynn, alisema pengine ni mimba tu inakusumbua. Mimi nimezaa watoto wanne. Mimba haimwangushi mtu vikombe mkononi.

Na mbona ulinyamaza hivyo? Daktari aliuliza kama kuna kupe amekuuma, ukasema hujaona kupe mwilini. Akauliza unalala wapi, nyumba ni ya namna gani, ukafungua mdomo ukaufunga. Ikabidi nijibu mimi. Nikamwambia, "Daktari, huyu si mchungaji wa ng'ombe, ni mke wa mchungaji. Analala kwa nyumba ya simiti, kitanda cha chuma, ng'ombe wako mbali na mlango. Kupe atamtoa wapi?" Daktari akaandika, akafunga ile karatasi. Nilijiona nimesema vizuri. Sasa kila nikikumbuka uso wako sioni kama nilisema vizuri.

Kuna kitu? Huyo mwanaume anakupiga? Niambie. Nitafunga kibanda nije na mwiko.

Meza dawa za typhoid zote.

Mama


Ranchini,
Alhamisi, 20 Februari 2025

Kwa Mama Mkamburi,

Kwa heshima. Mimi ni Ndeti. Najua hujapenda niwe nakuandikia na sijafika kwako na wazee. Nisamehe, lakini Mkamburi hawezi kushika kalamu.

Homa imerudi jana mchana. Alikuwa anaosha vyombo, akasema anasikia baridi, na hapa jua lilikuwa linapasua mawe. Sasa anachemka. Macho mekundu. Usiku anaongea na watu hawapo. Tumbo anasema linakaza halafu linaachia.

Josphat yuko hapa, anamwaga maji kwa tangi. Nilitaka kumpandisha sasa hivi. Nimetandika magunia kwa kiti cha mbele. Amekataa. Anashika mlango kwa mikono miwili anasema, "Mama alisema homa ishuke kwanza." Mama, nimechunga ng'ombe tangu nikiwa mtoto. Ng'ombe akiwa mgonjwa nampeleka kwa daktari akiwa mgonjwa. Sijui kama nakosea kufananisha.

Nakuomba umwandikie neno moja tu, kwamba aje. Mimi hanisikii.

Na kuna jambo kuhusu nyumba, amenikataza kulisema. Mimi si mtu wa kusema ya mke wangu. Nimelitaja tu.

Ndeti


Mraru,
Alhamisi hiyohiyo, jioni

Ndeti,

Josphat amenipa barua yako. Binti yangu si ng'ombe.

Usimtoe na homa, unanisikia? Wewe hukumshika Mable kichwa. Hukuona vile midomo yake ilipasuka tukiwa bado tunasukuma gari mchangani. Ukimweka Mkamburi kwa lile lori sasa, saa tatu za mashimo, na jua la Februari, na tumbo, utaniletea maiti mbili ndani ya leso moja. Mpe panadol hizi. Mkande na maji. Ikishuka tu, siku hiyohiyo, mlete. Si kesho yake.

Na hayo ya nyumba niliyajua. Ni kwamba ranchi wanataka kuwatoa, si ndiyo? Kama huna mahali pa kumlaza, sema. Kitanda chake cha shuleni bado kiko hapa.

Namwomba Mungu asubuhi, namwomba nikipanga ndizi, sasa hata sijui namwambia nini.

Mama Mkamburi


Ranchini,
Jumapili, 9 Machi 2025

Mama,

Naandika nikiwa nimefunika jicho moja. La kulia limeanza kuona ukungu, nikitazama karatasi mistari inakuwa miwili. Usipige kelele. Soma mpaka mwisho kwanza.

Najua tuliachana vibaya. Ulitaka nibaki kwako na mimi nikapanda lori bila hata kunywa chai. Mama, sikukukasirikia. Niliogopa. Tulienda hospitali mara ya pili homa ikiwa imeshuka, damu safi tena, na yule wa kuchukua damu akaniangalia kama mtu anayejifanya. Halafu homa ikanianza nikiwa kwako, ukanikimbiza kwa ile kliniki ya barabarani, wakanipima malaria kwa kile kijiti, hakuna, wakanidunga sindano basi tu. Kumbuka ilivyokuwa. Nilidhani naenda. Kitanda kizima kiligonga ukuta. Ile damu kidogo niliyoona nikaamua ndiyo mwisho wa mtoto. Uliwaambia hiyo sindano ni sumu, hanidungi mtu tena, na mimi nikashukuru. Kesho yake homa ikaisha, tukasema ni Mungu.

Imerudi tena, mama. Ijumaa. Leo nimepata nafuu kidogo ya kuandika lakini naisikia bado iko ndani, kama mtu amekaa kwa nyumba na taa amezima. Mtoto hachezi kama zamani. Jana nilimngoja jioni nzima. Akasukuma mara moja, polepole, kama amechoka na yeye.

Nimefikiri sana kwa nini Mungu ananichapa hivi. Nimepata jibu, na sitaki kufa nikiwa nalo.

Hakuna nyumba ya simiti.

Haikuwahi kuwa. Ulipolia siku naondoka na Ndeti, ukasema nimekwenda kulala na wanyama, nikakuandikia hiyo nyumba ili unyamaze. Halafu ukaanza kuwaambia wanawake wa kanisa, nikaongeza kitanda cha chuma. Tunalala kwa kibanda cha udongo cha wachungaji wa zamani. Kilikaa miaka bila mtu kabla yetu. Tunalala chini, juu ya ngozi na godoro jembamba. Na watoto wa mbuzi tunalala nao ndani, mama, wale wadogo, kwa sababu chui na fisi wanawachukua nje. Wananilalia miguuni. Ndiyo ulivyosema, nimelala na wanyama.

Asubuhi naamka na madoa mwilini, kidoa chekundu katikati kama tone la wino. Sijawahi kuona mdudu. Kupe nawajua, wananing'inia kwa masikio ya ng'ombe, hawa hawaonekani. Nilidhani ni kunguni nikaona aibu. Wewe ulinifundisha kuanika godoro kila Jumamosi. Ningekuambiaje nina kunguni?

Siku ile daktari aliuliza nalala wapi, nilitaka kusema. Wewe ukasema simiti. Ningekuumbuaje mbele ya watu?

Nisamehe huo uongo. Ukinisamehe pengine na yeye juu atanisamehe, aniachie huyu mtoto.

Mkamburi wako


Voi,
Jumanne, 11 Machi 2025

Ndeti mwanangu,

Soma hii sasa hivi, ukiwa umesimama. Halafu msomee Mkamburi.

Barua yake nilipata jana. Sikuimaliza, nilikaa chini barabarani na leso kichwani, wanawake wakadhani nimepigiwa simu ya msiba. Leo asubuhi nimefunga kibanda, nimekuja hospitali peke yangu bila mgonjwa. Nilikuja kupiga kelele. Nilitaka wamlaze hata kama damu ni safi, wamweke tu pale niwe namwona. Daktari Lynn alikuwa anatoka, funguo mkononi. Nikamshika koti.

Nikamwambia, "Daktari, mtoto wangu anakufa na nyinyi mnaniambia typhoid kidogo."

Akasema, "Mama, tulimpima mara mbili."

"Ndiyo! Na anakufa mara tatu!"

Nikalia. Na nikilia mimi huongea, unajua, sina breki. Nikasema mpaka ya ndani. Nikasema hata nyumba alinidanganya, hata simiti hakuna, analala kwa udongo na watoto wa mbuzi, ananificha kunguni mimi mama yake. Nilikuwa nasema uchungu wangu tu. Daktari akarudi ndani, akavuta kiti.

"Rudia hapo kwa nyumba."

Nikarudia. Akauliza, na homa inakuja inaondoka? Akikaa kama wiki nzuri, inarudi? Nikasema ndiyo. Akauliza, "Mama, mnamleta hapa lini? Akiwa na homa, au ikiisha?"

Ndeti, nilimjibu kwa sauti kubwa kama mtu anayesifiwa. Nikasema, "Ikiisha, daktari! Simtoi mtoto na homa hata siku moja."

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Alishika mkono wangu akanieleza polepole. Kuna kupe wengine, si wa ng'ombe. Wanaitwa papasi. Wanakaa kwa nyufa za sakafu ya udongo na wanaweza kukaa njaa miaka, wakingoja mtu alale. Anakuuma gizani, anashiba haraka, anarudi udongoni. Ndiyo maana Mkamburi hakuona kitu mwilini. Na huo ugonjwa wa papasi vidudu vyake vinajaa kwa damu wakati mtu anachemka tu. Homa ikishuka vinajificha, ukipima unaona damu safi. Alisema hana uhakika bado, lakini akisema hivyo uso wake ulikuwa na uhakika. Aliniambia, "Na mimi niliandika simiti, nikafunga ukurasa."

Na ile sindano, Ndeti. Ile niliyoiita sumu. Anasema pengine ndiyo ilikuwa dawa. Vidudu vikipigwa vyote mara moja mwili unalipuka hivyo, mtu anatetemeka kama anakata roho. Walidunga moja, ikatakiwa nyingine, mimi nikasimama mlangoni nikakataa.

Sasa sikia. Mtoe. Akishikwa tu, mtoe. Akiwa na moto. Usingoje ipoe, usingoje neno langu lingine. Daktari anasema akiweza kuvumilia mumlete bila panadol, na akishindwa mumpe, dawa haifichi vidudu, lakini yeye mwenyewe aje, aje akichemka. Mkamburi, mwanangu, wewe uliyeshika mlango kwa ajili yangu, uachilie. Mama ndiye anasema. Panda.

Josphat nimemwambia asichukue mzigo mwingine kwa kiti cha mbele. Lowesheni leso zote mbili, moja kichwani, moja kifuani. Maji kila kilima. Asikae upande wa jua, kwenda Voi asubuhi jua liko mbele, mtundikie gunia kwa kioo.

Nimeandika hayo yote na bado namwona Mable.

Mama


Hospitali, Voi,
Jumamosi, 15 Machi 2025, mchana

Mwanangu Ndeti,

Alifika hai. Hilo kwanza.

Nilimngojea pale Mraru tangu alfajiri, sijui nilijuaje ni leo. Lori lilipotokea nilimwona Josphat anaendesha na mkono mmoja, na wa pili amemshika bega. Niliingia na kukaa nyuma yake nimeshika kichwa chake hivi, kwa viganja viwili. Alikuwa moto kama sufuria. Kutoka hapo mpaka Voi sikusema neno, mimi. Josphat aliniuliza mara mbili kama niko sawa.

Walimtoa damu kidoleni hapohapo mlangoni. Daktari Lynn aliingia maabara mwenyewe, akatoka, akaniita nikaangalie kwa ile mashine ya kuonea vidudu. Nilifunga jicho moja kama Mkamburi. Nikaona, Ndeti. Katikati ya vile viduara vya damu, nyuzi nyembamba zimesokotwa, zinajinyonganyonga. Vyote hivyo. Mwezi mzima mimi navingoja vilale ndiyo nimlete.

Wamemdunga saa sita. Wametuambia mapema itakuwaje. Wamemwekea drip, sista amekaa kitandani na mimi niko upande wa pili. Imeanza sasa. Kitanda kinagonga. Meno yanagonga. Ananiita mimi na anakuita wewe, ananiita tena. Tumbo limekaza kama jiwe, linaachia, linakaza. Sista ameweka kile kipembe chake cha kusikilizia tumboni, ameinamisha sikio, amesogeza, ameinamisha tena. Hasemi kitu. Kwa nini hasemi kitu?

Daktari anasema yeye mwenyewe atapona. Kwa mtoto, anasema, tuone.

Josphat yuko mlangoni, lazima ajaze maji aondoke kabla ya giza, ng'ombe wanangoja, na wewe huwezi kuwaacha. Nakutumia hii bila mwisho. Nisamehe, sina mwisho.

Usilale kwa hiyo nyumba. Toa na mbuzi.

D.


Ranchini,
Jumanne, 18 Machi 2025

Mama,

Josphat amekuja leo bila barua. Nimemuuliza, amesema hakupita hospitali, walimtuma Mwatate kwanza. Nimemtukana. Baadaye nimemwomba msamaha, amekaa na mimi kidogo.

Barua yako ya Jumamosi ninayo mfukoni. Inaishia pale sista hasemi kitu. Nimekaa hapo kwa hilo neno siku tatu.

Nalala juu ya lile jukwaa la tangi la maji. Mbuzi wadogo nimewajengea banda la miiba mirefu, chui akae na njaa. Jana nilichukua jembe nikachimba pembeni ya sakafu, mahali kichwa chake kilikuwa kinalala. Wametoka kwa nyufa, rangi ya udongo, bapa, kama mbegu za mbarika. Wengi, mama. Nimekuwa nikimwambia Mkamburi asogee ukutani apate nafasi.

Nimeandaa mafuta ya taa. Nataka kuichoma yote. Niambie tu kama kuna mtu wa kumjengea nyingine.

Ndeti


Hospitali, Voi,
Jumatano, 19 Machi 2025

Ndeti mwanangu,

Yupo. Wote wawili wapo.

Sista alisogeza kile kipembe mara nyingi mpaka nikataka kumnyang'anya. Halafu akanikamata mkono wangu, akaanza kunigonga kwa kidole kwenye kiganja, haraka haraka, tik tik tik tik. Sikuelewa. Nikamuuliza, "Unanifanyia nini?" Akasema, "Ndivyo anavyopiga moyo, mama. Nakuonyesha." Nilikaa hapo nagongwa kiganja kama mjinga, nalia.

Kutetemeka kulikwisha jioni. Tumbo likaachia, halikukaza tena. Sindano zingine zimefuata na hazikumtingisha. Daktari hasemi tumepona. Anasema mtoto bado mdogo, homa imemchosha, tutakaa hapa na kungoja, na akitaka kutoka kabla ya wakati hakuna ahadi. Jicho linaanza kuona, ukungu umepungua. Jana jioni mtoto alisukuma mara tatu. Mkamburi aliweka mkono wangu hapo na sikuutoa mpaka chakula kikapoa.

Nikueleze kitu kimoja halafu niache. Leo amekuja daktari mwingine, mkubwa, na wanafunzi nyuma yake. Amesimama mguuni mwa kitanda akauliza, "Mgonjwa analala wapi huko nyumbani?" Ndeti, jibu lilinijia mpaka hapa kooni. Nilishika pembe ya leso nikaing'ata. Mkamburi aliniangalia kwanza, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda kucheza. Nikaangalia dirishani. Akasema, "Chini, daktari. Kwa udongo. Na watoto wa mbuzi." Akasema vizuri, kwa sauti, bila aibu. Wote wakaandika.

Wanawake wa kanisa walikuja Jumapili na uji. Nimewaambia nyumba ya simiti haiko. Mmoja akasema na yeye wa kwake Nairobi hana gorofa. Tukacheka mpaka sista akatufukuza.

Usichome. Nyumba nyingine mtaijenga mbali na hapo, na wanaume wa huku kwetu watakusaidia, wazee au hakuna wazee. Lakini hiyo usiiguse bado. Akitoka hapa Mkamburi atakuja kwangu kwanza, na mimi nitapanda na Josphat nije huko peke yangu. Sitalala ndani, usiogope. Nataka nisimame mlangoni tu niione, na ngozi pale ilipo, na ukuta ule uliokuwa unamwambia ausogelee.

Usifagie kwa ajili yangu.

Mama yako,
Dinah